Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bustani za Bucharest: fungueni choo, rudisheni maji

Kwa Waheshimiwa mnaoshika dhamana ya bustani za umma,
Bucharest, Romania.

Waheshimiwa,

YAH: KUFUNGWA KWA CHOO, KUKAUKA KWA BOMBA LA MAJI NA KUONDOLEWA KWA MABENCHI KATIKA BUSTANI YA MTAANI KWETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza poleni na kazi. Naandika nikijua kwamba kutunza bustani za mji mkubwa si kazi ya lelemama. Miti ina maradhi yake, theluji ikidondoka lazima njia zisafishwe, na majani ya Oktoba ukiyafagia asubuhi jioni yamejaa tena. Sikuja kugombana. Nimekuja hadharani kwa sababu kwenye milango mingine yote nimeshabisha hodi.

Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo niliziandika kwa Kiromania, jirani yangu akanisahihishia, nikazipeleka mwenyewe dirishani zikagongwa muhuri na kupewa namba: ya kwanza Agosti mwaka jana, ya pili Oktoba, ya tatu Machi mwaka huu. Amri ya serikali namba 27 ya mwaka 2002, inayohusu malalamiko ya wananchi, inaipa ofisi siku 30 za kumjibu aliyeandika. Ya kwanza ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala limepelekwa kwa idara husika. Ya pili haikujibiwa. Nilipokwenda kuulizia ya tatu, mtumishi wa dirishani aliniambia kwa upole kabisa kwamba nisijisumbue, fedha hakuna. Ndipo nikaamua kuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo naweza kulieleza jambo lote bila kuazima maneno. Nakala ya Kiromania mtaipata dirishani. Hii ya Kiswahili ni ya wenzangu pia, walioko mji huu na wanaokuja, maana wengi tumefika mbele ya mlango uleule uliofungwa tukageuka kimya kimya.

Bustani yenyewe sitaitaja jina. Nyinyi mnayo kwenye faili, na ikitajwa hapa wa kwanza kutupiwa lawama watakuwa mlinzi na akina mama wanaofagia, ambao hawana kosa lolote. Wale akina mama nimewaona wakiokota chupa kwa mikono kwenye baridi ya Februari. Wao pia hawana pa kujisaidia.

Niseme mimi ni nani, msije mkadhani naandika kwa chuki na mji huu. Natoka Tanga. Nilifika Bucharest miaka sita iliyopita kufanya kazi ya usafi hotelini, nikapangiwa chumba kimoja na wenzangu watatu. Siku ya mapumziko chumba kile hakikutosha hata kuvutia pumzi. Mwenzetu mmoja akasema twende bustani ya Cișmigiu. Tulizunguka ziwa taratibu, tukanunua covrigi, mikate ya duara yenye chumvi na ufuta, tukakaa. Ilikuwa Juni. Miti wanayoiita tei ilikuwa imechanua na harufu yake imetanda kama asali iliyo jikoni. Nikawaona wazee wamezunguka meza za sataranji, wawili wanacheza na kumi wamesimama, na wale waliosimama ndio wenye kelele. Nilicheka peke yangu. Barazani kwetu Ngamiani bao linachezwa hivyo hivyo, anayejua zaidi ni yule asiyecheza. Mzee mmoja akasogea bila kusema neno, akanipa nafasi nione. Nilisimama pale saa nzima, na jioni niliporudi chumbani nilijua kwamba mji huu nitauweza.

Tangu siku ile nimezizunguka nyingi. Nimetembea bustani ya Mfalme Mihai I, ambayo wenyeji bado wanaiita Herăstrău, nikajifunza kwamba pale palikuwa kinamasi hadi kilipokaushwa miaka ya 1930, bustani ikafunguliwa 1936. Nimepanda ngazi za bustani ya Carol I, iliyochorwa na Mfaransa Édouard Redont na kufunguliwa mwaka 1906. Nimesimama juu ya tuta la Văcărești, ambako utawala wa kikomunisti wa Ceaușescu ulibomoa monasteri ya kale na kuzungushia zege eneo la bwawa ambalo halikukamilika. Utawala ule ulipoanguka 1989 kazi iliachwa. Maji yakaja yenyewe, matete yakaota, ndege wakahamia, na mwaka 2016 serikali ikapatangaza kuwa hifadhi ya asili, hekta zaidi ya 180 zilizozungukwa na maghorofa. Mara ya kwanza nilipoona korongo akivua pale, nyuma yake mistari ya madirisha, nilimpigia mama simu ya picha ili naye aone.

Sisi watu wa Kiswahili tunakutana Jumapili moja kila mwezi, kumi na wawili hivi tukitimia: Watanzania, Wakenya, Mrundi mmoja na ndugu yetu kutoka Bukavu. Tunakaa pale kunaporuhusiwa kukaa majanini, tunamimina chai kutoka kwenye chupa, tunakula maandazi, tunapeana habari za kazi na za nyumbani. Hatuna ukumbi na hatuna fedha za kukodi ukumbi.

Nyumba za kwetu zina uani. Uani ndiko mama anakopepeta mchele, watoto wanakooga, wasichana wanakosukana, na mgonjwa anakotandikiwa mkeka apate hewa. Maghorofa ya Bucharest hayana uani. Mtu ana vyumba viwili, balkoni ya kuanikia nguo, na lifti. Bustani ndiyo uani wa watu wote hao wasiojuana. Sasa muulizeni mama yeyote wa pwani kama uani usio na choo wala maji unaitwa uani.

Jirani yangu wa ghorofa ya saba ana miaka 81. Nikimsalimu kwa Kiromania namwambia sărut mâna, yaani nabusu mkono, na siku aliponiuliza kwetu mkubwa husalimiwaje nikamfundisha shikamoo. Sasa asubuhi ananisubiri kwenye lifti ili aniitikie marahaba. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka 34. Anawakumbuka wanafunzi wa Kiafrika waliokuja kusoma mji huu miaka ya 1970. Watoto wake mmoja yuko Italia, mwingine Uhispania. Bustani ya mtaani, dakika kumi na tano kwa mwendo wake wa mkongojo, ndiyo ilikuwa safari yake ya kila siku.

Julai mwaka jana, Jumapili, joto lilikuwa limepita nyuzi 35. Tulikwenda naye saa kumi alasiri tukapumzike chini ya miti, maana ghorofa letu mchana linakuwa tanuri. Mabenchi ya kivulini hayakuwepo, tukakaa kwenye ukingo wa zege. Chupa yetu ya maji ikaisha. Nikaenda kwenye bomba, nikabonyeza kitufe, hakikutoka kitu. Mdomoni mwa bomba buibui alikuwa ametanda utando wake. Nikarudi, nikamkuta bibi amesimama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka msalani. Choo kilikuwa na mnyororo na kufuli lenye kutu, na karatasi ndani ya plastiki imeandikwa Închis, kimefungwa, bila tarehe. Kile cha plastiki upande wa pili kilikuwa kimelazwa ubavu. Tukaelekea kwenye kibanda cha vinywaji nje ya lango. Kijana wa pale akasema choo ni cha wateja. Nikatoa hela, nikasema basi niuzie soda, akaenda kutafuta ufunguo. Hatukuwahi.

Nilivua kanga yangu begani nikamfunga kiunoni. Imeandikwa Wema hauozi. Tulirudi nyumbani amenishika mkono, hakuna aliyezungumza, na kwenye lifti alitazama ukutani hadi ghorofa ya saba.

Siku ya tatu alinigongea mlango. Kanga imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne, na juu yake chupa ya jamu ya cheri chungu aliyoipika mwenyewe. Akaniambia, mimi na bustani basi, mwanangu. Hajakanyaga huko tangu siku ile. Hili nimeliandika kwa ruhusa yake, kwa sharti nisitaje jina lake, na barua hii ameitia saini pamoja nami.

Waheshimiwa, madai yetu ni haya.

1. Choo. Kilifungwa Mei mwaka jana na hadi ninapoandika kimefungwa. Bustani nzima ile, yenye viwanja vya watoto na njia za wanaokimbia, haina pengine pa kwenda haja. Nani anaumia? Si kijana wa miaka ishirini anayepita na baiskeli. Ni mjamzito, ni mtoto aliyeanza tu kuacha nepi, ni mwenye kisukari, ni mzee. Kina mama wanawapeleka watoto nyuma ya vichaka, vichaka vinanuka, kisha linawekwa bango la kukataza uchafu. Na kuna jambo ambalo nadhani halijawahi kufika mezani kwenu, kwa kuwa watu wanaona haya kulisema. Wazee wanaacha kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani. Jirani yangu alikuwa akiacha chai yake ya asubuhi ili aweze kukaa bustanini saa moja. Nilipowauliza wengine wa umri wake pale pale, watatu waliniambia wanafanya vivyo hivyo. Mzee wa miaka 80, kwenye joto la Julai, amejinyima maji kwa makusudi kwa sababu ya kufuli moja. Daktari yeyote wa mji huu atawaambia hilo linaishia wapi.

2. Maji. Yameambatana na choo, lakini nayaweka peke yake kwa sababu yanahusu jina la mji wenyewe. Mnajua kuliko mimi Cișmigiu imepataje jina. Mwaka 1779 mtawala Alexandru Ipsilanti aliamuru yajengwe mabomba ya kuwapa watu maji, na msimamizi wa mabomba hayo, aliyekuwa akiitwa kwa cheo chake cișmigiu, akakaa upande ule. Cișmea kwa Kiromania hadi leo ni bomba la maji la watu wote. Yaani bustani kongwe kuliko zote mjini inaitwa kwa jina la mtu wa maji. Mimi nilipoelezwa habari hiyo niliipenda, kwa sababu kwetu pia aliyechimba kisima cha njiani huombewa dua na wapita njia wasiomjua. Bomba la mtaani kwetu linakosa kifaa kimoja cha ndani, ndivyo alivyoniambia fundi wa mabomba niliyemwomba alitazame. Kifaa hicho kinauzwa dukani. Nilitaka kukinunua mimi, nikaambiwa siruhusiwi kugusa mali ya umma. Sawa, sitagusa. Basi mwenye ruhusa ya kugusa aguse.

3. Mabenchi na kivuli. Mabenchi 11 yaliondolewa msimu wa masika wa mwaka jana kwa matengenezo. Yamerudi manne, mapya, ya chuma, hayana egemeo wala pa kushika, na yamewekwa juani kando ya njia. Aliyechagua benchi lile hajawahi kumwona mzee akijaribu kuinuka. Mtu wa mkongojo anahitaji pa kushika mkono, la sivyo akikaa hainuki bila msaada, na mwenye kiburi chake cha utu uzima hakai kabisa. Tena miti miwili mikubwa iliyokatwa karibu na kiwanja cha watoto ilibadilishwa na miche. Miche ilipandwa, ikapigwa picha, ikaachwa bila maji. Imekauka yote. Mche katika kiangazi chake cha kwanza unataka maji kila wiki. Hata mtoto wa darasa la tatu kwetu aliyepewa mwembe wa kutunza shuleni anajua hivyo.

4. Taa. Njia inayotoka lango la mashariki hadi kituo cha basi ina giza tangu Novemba. Wanawake wanaotoka zamu ya usiku wanaizunguka bustani badala ya kuikata. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

5. Ardhi yenyewe. Hapa naongea kwa wasiwasi. Sheria namba 24 ya mwaka 2007 inazitaka mamlaka za miji ziwe na rejesta ya maeneo ya kijani, na mwaka huohuo serikali ilitoa amri kwamba kila mji uwe na angalau mita za mraba 26 za kijani kwa kila mkazi ifikapo mwisho wa 2013. Sheria hizo ni nzuri, natamani miji yetu ya Afrika Mashariki ingekuwa nazo kwa ukali uleule. Lakini sote tumeona yaliyotokea kwenye bustani ya Titan, ile wanayoiita IOR. Sehemu yake ilirudishwa kwa watu binafsi waliodai urithi, kisha miti ya sehemu ile ikawa inaungua moto baada ya moto, na wakazi wakatoka na mabango kuitetea. Sisemi nani kawasha. Ninachosema ni kwamba eneo hufa kwanza machoni pa watu. Choo kikifungwa, maji yakikatika na mabenchi yakiondoka, wazee wanaacha kuja. Wazee wakiacha kuja, kina mama wanaona hapana usalama, nao wanaacha. Bustani ikishakuwa tupu, atakayekuja na ramani kusema hapa hapana matumizi hatapata wa kumbishia. Ndiyo maana naomba kuona kipande chetu kimeandikwaje kwenye rejesta, mita ngapi na mipaka ipi.

Najua majibu mtakayotupa, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Mtasema fedha hakuna. Lakini choo kipo, kimejengwa, kina mabomba na vigae. Kinachokosekana ni mtu wa kukifungua asubuhi, kukisafisha na kukifunga usiku. Mimi kazi yangu ni kusafisha vyoo. Vyumba kumi na sita kwa zamu moja. Najua sabuni ni kiasi gani na dakika ni ngapi. Choo kile, kikisafishwa mara tatu kwa siku, hakimalizi saa mbili za mfanyakazi mmoja. Wekeni ada ndogo ikibidi, tutalipa, ila watoto na wazee wapite bure.

Mtasema wahuni wanaharibu. Wapo, sikatai. Mlango wa choo uliwahi kung'olewa, nimesikia. Ila mahali penye watu hapaharibiwi kirahisi kama mahali palipotelekezwa. Pale Cișmigiu meza za wale wazee wa sataranji hakuna anayezigusa, kwa kuwa wenyewe wapo kuanzia asubuhi.

Mtasema si yenu. Hili ndilo lililonichosha kuliko yote. Bucharest ina sekta sita, kila moja na meya wake, na juu yao meya wa mji mzima. Bustani nyingine ziko chini ya huyu na nyingine chini ya yule. Mimi nilipewa anwani tatu tofauti kwa choo kimoja. Mwananchi hawezi kubeba mchoro wa madaraka mkononi kila anapotaka kunywa maji. Ikiwa ofisi iliyopokea barua siyo yenye dhamana, iipeleke kunakohusika na imwambie mwandishi imepelekwa wapi na kwa nani. Hicho kifungu kimo kwenye amri ile ile ya 2002.

Mtasema bustani ziko nyingi, twende Herăstrău. Kutoka kwetu ni basi na metro na mwendo wa miguu, na bibi wa miaka 81 hawezi kupanda ngazi za kituo chetu. Bustani ya mbali kwake ni sawa na bustani ya nchi nyingine.

Na pengine kuna atakayesema, hata kama si kwa sauti, huyu mgeni anatufundisha nini. Mimi ni mgeni kweli. Ninalipa kodi ya nyumba, mshahara wangu unakatwa kodi ya serikali kila mwezi, na vyoo vya hoteli za mji huu vinang'aa kwa mikono yangu na ya wenzangu. Lakini kama ugeni wangu unawakera, isomeni saini ya pili. Huyo amezaliwa hapa, amefanya kazi hapa, amemzika mume wake hapa.

Tunachoomba ni hiki. Choo kifunguliwe kabla ya joto la Juni, na mlangoni pawekwe saa za kufunguliwa pamoja na namba ya kupiga kikiwa kimefungwa. Bomba litengenezwe mwezi huu, kwa kuwa ni kazi ya asubuhi moja. Mabenchi saba yaliyobaki yarudi kivulini, yenye egemeo na pa kushika. Miche ipandwe upya wakati wa majira ya vuli na apewe mtu kwa jina kazi ya kuimwagilia. Sisi wa Jumapili tuko tayari kusaidia kuchota, mkituruhusu. Taa za lango la mashariki zirudi. Na nakala ya ukurasa wa rejesta unaohusu bustani yetu ibandikwe langoni, ili kila apitaye ajue mipaka yake.

Jibu tunaliomba kwa maandishi ndani ya siku 30, likiwa na tarehe ya kila kazi na jina la idara itakayoifanya. Likija, nitalitafsiri kwa Kiswahili na kuliweka pale pale nilipoiweka barua hii, neno kwa neno, liwe zuri au baya kwetu. Lisipokuja, nitaomba taarifa hizo kwa kupitia Sheria namba 544 ya mwaka 2001 ya kupata habari za umma, na barua ya tano nitaileta na saini za ghorofa zote nane za jengo letu. Tumeshaanza kuzikusanya.

Mwisho, tunawaalika. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi alasiri, mmoja wenu aje tutembee naye kutoka mlango wa jengo letu hadi bustanini, kwa mwendo wa mkongojo, tukae saa mbili, kisha turudi. Chai tutakuwa nayo na maandazi yatatosha. Bibi amesema mkija, naye atashuka.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mpangaji wa ghorofa ya saba, mzaliwa wa Tanga
na jirani yake wa mlango wa pili, mzaliwa wa Bucharest